Maimuna, Rehema na Yasmin wametungwa na wanaume: jinsia ya mwandishi ina kazi gani kwa msomaji?

kichwa_wazi (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi.

Kuna barza ya wasomaji hapa mjini, watu 12, inapanga vitabu vya kusoma mwaka mzima, na imegawika. Upande mmoja unataka nusu ya orodha iwe kazi za wanawake. Upande wa pili unasema kitabu ni kitabu, aliyekiandika atajijua mwenyewe. Kabla ya kupiga kura nataka hoja zinazosimama, si "mie naona" na "mie nahisi".

Kinachonisumbua ni hiki. Ukimuuliza msomaji wa hapa akutajie wahusika wa kike wa riwaya za Zanzibar, atakutajia Rehema wa *Nyota ya Rehema* (1976), Maimuna wa *Utengano* (1980) na Yasmin wa *Vuta N'kuvute* (1999). Waliowatunga ni Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi. Wanaume watupu! Sasa tuseme wanawake wetu hawakuandikwa sawasawa, au tuseme jinsia ya mwandishi haina kazi? Na je, kuna njia ya kulipima jambo hili kwenye barza yenyewe, badala ya kubishana mpaka adhana?

---

MtuWaMaktaba

Wa alaykum salaam. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kukichagua kitabu, kukisoma, na kukihukumu. Yatenganishe, maana majibu yake hayafanani.

Kwenye kuchagua, jinsia ina kazi kubwa, na takwimu zipo, ingawa ni za Uingereza. Mary Ann Sieghart katika kitabu chake *The Authority Gap* (2021) alitumia hesabu za kampuni ya Nielsen. Waandishi 10 wa kike wanaouza zaidi, wasomaji wao wanaume ni asilimia 19 tu. Waandishi 10 wa kiume wanaouza zaidi, wasomaji wao ni wanaume asilimia 55 na wanawake asilimia 45. Yaani wanawake wanavuka upande wa pili bila tabu. Wasiovuka ni wanaume.

Mlango wa pili ni wa wachapishaji. Mwaka 2015 Catherine Nichols, mwandishi wa Marekani, alipeleka barua na kurasa za mwanzo za riwaya yake kwa mawakala wa fasihi. Barua 50 kwa jina lake: 2 tu walitaka kuuona mswada. Barua 50 kwa jina la kiume: 17 waliutaka. Kurasa zile zile. Ni jaribio la mtu mmoja kwa mswada mmoja, kwa hiyo usilifanye sheria, lakini pengo la 2 na 17 si dogo.

Kwenye rafu za maktaba, kwa upande mwengine, jinsia karibu haionekani. Maktaba zinazotumia mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, huweka fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392, chini yake herufi tatu za jina la mwisho la mwandishi. Na jina la mwisho la Mzanzibari ni la baba au babu. Kitabu cha mwanamke kimebandikwa BUR au BAR, na mgongoni pengine pana herufi za mwanzo tu. Msomaji anayekwenda rafuni bila ya kuambiwa kitu anachukua kwa anwani na jalada. Anayeathiriwa zaidi ni yule aliyeletewa orodha na mwalimu wa skuli au na rafiki, maana orodha ndiyo iliyokwisha kuchagua kwa niaba yake.

---

KalamuKavu

Nnakubali kuhusu kuchagua. Lakini kwenye kusoma, msomaji hakosei tu, anakosea na yakini anayo.

Madada watatu wa Brontë, waandishi wa Kiingereza, walitoa mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell, majina yasiyosema ni ya mume au mke. Ziliuzwa nakala 2. Mwaka uliofuata *Jane Eyre* ikatoka kwa jina la Currer Bell, ikasomwa na Uingereza nzima, na watu wakagawana pande kubishana kama Bell ni mwanamme au mwanamke.

Mfano wa kuchekesha ni James Tiptree Jr., mwandishi wa hadithi za sayansi Marekani. Mwaka 1975 Robert Silverberg, naye ni mwandishi mzito wa fani hiyo hiyo, aliandika kwamba uandishi wa Tiptree una uanaume usiokanika, na kwamba dhana ya kuwa ni mwanamke ni upuuzi. Mwaka 1977 ikajulikana wazi kuwa Tiptree ni Alice Sheldon.

Kinyume chake kipo pia. Yasmina Khadra alisomwa Ufaransa kama sauti ya mwanamke wa Aljeria. Mwaka 2001 akajitokeza: ni Mohammed Moulessehoul, ofisa wa jeshi, aliyechukua majina ya mkewe kukwepa udhibiti wa jeshini. Na mwaka 2021 Carmen Mola wa Hispania aliposhinda zawadi ya Planeta, euro milioni 1, waliopanda jukwaani kuipokea walikuwa wanaume watatu.

Kwa hiyo anayeniambia "nnajua kwa kusoma tu kuwa huyu ni mwanamke" simwamini mpaka apimwe.

---

mtu_wa_Mkoani

Haya mambo ya Wazungu. Sie kwetu utamu wa kitabu ni lugha. Nani anauliza Haji Gora ni nani akisoma *Kimbunga*? Na vitabu vya wanawake, tusifichane, ni mapenzi na machozi tu.

---

bint_Wete

Kaka wa Mkoani, *Nguzo Mama* ya Penina Muhando (1982) ni tamthilia ya wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo. Machozi utayatafuta sana humo. Na mapenzi na machozi ya kwenye magazeti na vijitabu vya mitaani yameandikwa na wanaume chungu nzima.

Ama kuwa ni mambo ya Wazungu, sivyo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, anaeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba msichana wa jumba la kifalme alifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mtoto wa Sultani huyo. Basi ukiuliza kwa nini rafu ya zamani ina wanaume watupu, anza kwa nani aliruhusiwa kushika kalamu, usianze kwa nani ana kipaji.

Sasa nirudi kwa kichwa_wazi. Nadhani kinachofanya kazi ndani ya kurasa ni mlango kuliko jinsia: mwandishi aliingia wapi, akakaa muda gani, nani alinyamaza alipoingia. Mfano mzuri ni huyo huyo Salme na Richard Burton, msafiri wa Kiingereza. Kitabu cha Burton kuhusu Zanzibar kilitoka 1872, na kina bandari, biashara, maradhi, makabila, bei. Salme anakupa jumba la Mtoni kwa ndani: nani analala wapi, masuria wanagawana vipi, chakula kinapangwaje. Burton hakuwa na njia ya kuyaona hayo. Nae Salme ana pengo lake, kwani bandari na soko aliviona kwa mbali.

Riwaya zetu zisome hivyo hivyo. Mtoto wa kiume wa Kizanzibari alilelewa uani mpaka alipofukuzwa kwa ukubwa, kwa hiyo ndani anakujua, lakini anakujua kwa macho ya mtoto. Ndiyo maana *Utengano* inampata vizuri sana Biti Kocho, bibi anayeingia nyumba za watu na kutoka na habari: ni mtu ambaye kila mtoto aliyekuwa akicheza uani alimwona. Waandishi wetu wanaume wana nguvu pale mwanamke anapokutana na baba, mume, mji au serikali. Yasmin anapotoroka duka la mumewe, Bwana Raza, na kukimbilia Ng'ambo kwa Mwajuma, mji wote unamfungukia, na Adam Shafi mji anaujua. Nnapoona wepesi ni kwenye saa ndefu za wanawake peke yao, ambapo hakuna kinachotokea na hakuna mwanamme anayezungumzwa.

Hili unaweza kulihesabu. Chukua kurasa 40 mfululizo za kitabu chochote, weka alama kila penye mazungumzo ya wanawake wawili, kisha piga duara zile ambazo mada si mwanamme. Alison Bechdel aliwahi kulitia hilo katika katuni mwaka 1985 kwa ajili ya filamu. Hesabia vitabu vya wanaume na vya wanawake pia. Usije ukadhani wanawake watafuzu wote.

---

mvungu_wa_ngoma

Bi Wete amesema vizuri, ila msisahau kwamba sie tumezoea sauti ya mwanamke yenye maneno ya mwanamme tangu zama za Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Katika taarabu mtunzi wa maneno, mtia muziki na muimbaji wanaweza kuwa watu watatu mbalimbali. Msikilizaji analihesabu neno ni la anayeimba. Bibi akisimama jukwaani na "moyo wangu umeungua", ukumbi unatunza kwa uchungu wa bibi, na aliyeyaandika amekaa nyuma na udi wake, kidevu kizima cha ndevu.

Linawezekana kwa sababu mashairi ya mapenzi hayatoi siri. "Muhibu", "mwenzangu", "nyonda", "laazizi" havisemi ni mume au mke. "Amekwenda" haisemi pia. Siri hutoka kwenye maneno machache: nimeoa au nimeolewa, wifi, shemegi, mke mwenza, kungwi, eda. Mtunzi hodari anayeandikia sauti yoyote huyakwepa hayo.

Na wale wanaotarajia mwanamke akiandika atawatetea wanawake, wasome Utendi wa Mwana Kupona wa 1858. Mama anamuusia binti yake, Mwana Hashima, na katika radhi tano anazomhesabia, ya tano ni ya mume. Wapo wanazuoni waliousoma kama una kejeli ndani yake, wengine wanauchukua kama ulivyo. Upande wowote utakaoshika, jinsia ya mtunzi haikuambii msimamo wake. Inakuambia alikuwa anazungumza na nani, na hapo ni binti yake.

---

KalamuKavu

Kabla mtu hajaleta programu za kompyuta: watafiti Koppel, Argamon na Shimoni mwaka 2002 waliipa mashine maandiko ya Kiingereza ikabahatisha jinsia ya mwandishi kwa usahihi wa kama asilimia 80. Ilitegemea vineno vidogo vidogo. Wanawake walitumia viwakilishi zaidi, wanaume walitumia zaidi vineno vya kubainisha nomino. Kwetu viwakilishi vimo ndani ya kitenzi chenyewe, na Kiswahili hakina "the". Chombo hicho hakihamishiki kama kilivyo.

---

hesabu_za_Chake

Jaribio la barza hilo hapa. Ni kazi ya jioni mbili. Msilifanye kwa pupa, kuna mashimo mengi.

*Jioni ya kwanza: kubahatisha.* Mtu mmoja asiyeshiriki anateua vipande 8, maneno 300 hadi 400 kila kimoja. Chini ya hapo hamna cha kushika. Juu ya 500 watu wanachoka wakifika cha sita. Avichape vyote upya kwa herufi za aina moja, maana ukipiga picha kurasa, chapa ya kitabu cha skuli inajulikana kwa jicho. Aondoe majina ya wahusika maarufu: ukiacha "Maksuudi", baba yake Maimuna wa *Utengano*, jaribio limekwisha. Aondoe au akwepe sentensi zenye yale maneno ya siri aliyoyataja Mzee Mvungu.

Msiwaambie wasomaji wanaume ni wangapi na wanawake wangapi. Wakijua ni nne kwa nne watapanga majibu yao yatoshe nne kwa nne, na hapo mwenye kubahatisha tu ana nafasi ya karibu asilimia 24 kupata 6 au zaidi.

Kila mmoja anaandika jibu lake, na pembeni anaandika *neno au sentensi iliyomfanya aseme hivyo*. Hiyo safu ya pembeni ina faida kuliko majibu yenyewe. Hapo ndipo utaona mtu ameandika "mwanamke, kwa sababu kuna upishi".

Kuhesabu: mtu anayerusha sarafu atapata 7 au 8 kati ya 8 kwa uwezekano wa asilimia 3.5. Ni mdogo, lakini nyinyi mko 12. Wote mkibahatisha, uwezekano kwamba angalau mmoja wenu atapata 7 au zaidi ni kama asilimia 35. Kwa hiyo akitokea bingwa mmoja msimvishe kilemba. Mpeni vipande 8 vipya. Na msijumlishe majibu 96 mkayahesabu kama sarafu 96. Kipande kimoja kikiwadanganya watu wote 12, ni kosa moja lililorudiwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni zama. Ukichukua riwaya za wanaume za miaka ya 1970 na za wanawake za miaka ya 2010, wasomaji watabahatisha umri wa lugha, na watapata sahihi kwa sababu isiyokuwa hiyo mnayoipima. Patanisha kwa miaka: *Utengano* ya 1980 na *Mali ya Maskini* ya Zainab Burhani ya 1981, mtindo huo. Patanisha na mahali. Kipande cha Kipemba katikati ya vipande saba vya mjini kitavuta macho yote, na lahaja haisemi kitu kuhusu jinsia. Patanisha tukio pia, harusi kwa harusi, ugomvi kwa ugomvi.

*Jioni ya pili: kubadili majina.* Hii inapima kuhukumu, jambo la tatu la MtuWaMaktaba. Vipande 4 vipya, makundi mawili ya watu 6. Kundi la kwanza wanaona kipande cha 1 na cha 3 kwa jina la kiume, cha 2 na cha 4 kwa jina la kike. Kundi la pili kinyume chake. Badilisha jina la kwanza tu. La baba na babu liache vilevile. Epuka majina kama Riziki ambayo huitwa wote. Wape alama 1 hadi 5 kwa maswali matatu: mhusika anaaminika? lugha ina nguvu? ungeendelea kusoma?

Kwa watu 6, mmoja akiteleza kutoka 1 hadi 5 anasogeza wastani kwa 0.67. Tofauti isiyofika 1, iacheni. Mkimaliza, waambieni ukweli usiku ule ule na mkusanye karatasi, usije ukakuta kesho mtu anamnukuu mwandishi asiyekuwepo.

---

kichwa_wazi

Ahsanteni, hapa nimepata cha kupeleka. Mawili: mashairi tuyatie? Na tafsiri?

---

mvungu_wa_ngoma

Mashairi yatie jioni ya peke yake, na bahari, yaani aina ya shairi, iwe moja. Ukichanganya utenzi wa vipande vya mizani 8 na shairi la mishororo ya mizani 16, msomaji atahukumu bahari: utenzi ataudhania wa mama anayeusia, shairi la kujibizana atalidhania la mwanamme wa barazani. Kwa upande wa wanawake una tenzi za Zaynab Himid Mohammed, *Howani Mwana Howani*. Zikute na tenzi za miaka hiyo hiyo ya 1980.

---

MtuWaMaktaba

Tafsiri usizitie kwenye kubahatisha. *Peponi* ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, lakini sentensi za Kiswahili unazozisoma, za chapa ya 2022, ni za Ida Hadjivayanis. Jibu sahihi litakuwa lipi? Ila kwenye orodha ya mwaka kitie, na siku hiyo barza izungumzie hilo hilo.

---

mtu_wa_Mkoani

Haya. Lakini bado sijaona sababu ya kulazimisha nusu kwa nusu.

---

bint_Wete

Nusu kwa nusu nami siipendi, kwa sababu ya kiutendaji: mtaishia kutafuta kitabu chochote cha mwanamke ili namba itimie, kisha kikiwa kibovu mtasema "mmeona?". Mpango mwepesi ni kusoma kwa jozi. Vitabu viwili vya zama moja, wiki nne kila jozi, kimoja cha mwanamke na kimoja cha mwanamme, swali moja kwa vyote viwili. Jozi ya kwanza mmeshapewa hapo juu, *Utengano* na *Mali ya Maskini*. Jozi ya zama zetu: *Nyuso za Mwanamke* ya Said Ahmed Mohamed (2010), ambamo mwanamme amejivika sauti ya Nana, na *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata zawadi ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Swali la jozi hiyo: nani anamwacha mwanamke akosee bila ya kumwadhibu?

Tatizo litakalowakwamisha ni nakala. *Utengano* haina shida, skuli zimeisoma miaka. Burhani ni wa kutafutwa, na mkipata nakala moja kwa watu 12, gaweni siku tatu tatu kwa mtu kwa zamu na muanze mwezi na ushei kabla. Anza kuulizia sasa hivi, kabla ya hiyo kura yenu.

---

kichwa_wazi

Siku tatu kwa riwaya nzima, kuna mzee mmoja hatoziweza. Tutampa wa mwisho, akae nayo.